Mbwa Hawa Wana Kwao

Siku za soko ndizo zinazowaleta. Soko la Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi, na watu wa vijiji vya juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hushuka na ndizi, parachichi, viazi na kuku. Jioni wakisharudi makwao, si ajabu kukuta boksi la sabuni au kiroba cha unga kimeachwa kando ya barabara, na ndani yake watoto wa mbwa. Wengine hawajafumbua macho. Aliyewaacha si lazima awe mtu katili. Angekuwa katili angewatupa mtoni, na mito huku haipungui. Amewaacha sokoni kwa sababu sokoni kuna macho mengi, akitumaini kwamba katika macho yote hayo yatakuwapo ya mtu mmoja atakayeinama.

Anayeinama, kwa miaka mingi sasa, ni mama mmoja ambaye mji mzima wa Usa River unamwita Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na nusu ya watu anaopishana nao njiani aliwahi kuwashika mkono wakijifunza kuandika herufi. Nilimfuata huko mwishoni mwa masika. Basi la kutoka Dar es Salaam lilinishusha Leganga wakati wa magharibi, mlima umefichwa na mawingu, na bodaboda ikanipeleka nyuma ya mashamba ya kahawa hadi kwenye geti la bati. Kabla sijashika komeo, sauti ikaniita kutoka ndani.

"Usiingie bado, mwanangu. Kanyaga kwanza kwenye beseni."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mguu wote, na kisigino. Kisha njoo tusalimiane vizuri."

Beseni lile la maji yaliyotiwa jiki ndilo somo la kwanza la kila mgeni, na lina sababu yake. Mwaka 1978 madaktari wa mifugo katika nchi mbalimbali walianza kuona ugonjwa mpya wa mbwa, na ndani ya miaka michache tu ukawa umeizunguka dunia. Wanauita parvo. Hushika hasa watoto wa umri wa kati ya wiki sita na miezi sita: mtoto anatapika, anaharisha damu, maji yanamwisha mwilini, na siku mbili tatu zinatosha kummaliza. Kirusi chake hukaa udongoni mwaka mzima na zaidi. Sabuni ya kawaida haikiui, na soli ya kiatu kilichopita Kariakoo inaweza kukifikisha Usa River. Jiki ndiyo inayokiua.

Hakuna kibao getini. Mwalimu hataki kibao, kwa sababu anajua siku atakapokiweka mabokisi yatahama kutoka sokoni yaje mlangoni kwake, na nyumba ina mwisho. Kuna baraza la mbele, banda la kuku la zamani lililopigwa sakafu ya saruji, bafu ya nje isiyotumika tena, na stoo ndogo nyuma ya jiko. Kila mbwa anayeingia hupita humo kwa mpangilio. Wageni hukaa bafuni peke yao wiki mbili, waangaliwe kama wamekuja na ugonjwa. Wakipita salama huhamia bandani. Wakishapata chanjo za kutosha hupanda barazani, na barazani ndipo wanapochukuliwa na watu. Stoo ni ya wagonjwa.

Kazi huanza saa kumi na moja alfajiri, na haianzi kwa anayelia zaidi. Huanza kwa walio wazima. Barazani kwanza, bandani baadaye, kisha kwa wageni, na wagonjwa mwisho kabisa. Aliyetoka kwa wagonjwa harudi kwa wazima mpaka ameoga na kubadili nguo zote. Nilimwona Mwalimu akipita mbele ya stoo, ndani mtoto analia kilio cha kukata moyo, naye anaendelea na ndoo yake kwenda barazani bila kusimama. Uso wake ulionyesha kwamba anasikia. Lakini kumwendea yule mmoja kabla ya zamu yake kungewapelekea ugonjwa wengine kumi.

Chakula hupikwa kwenye sufuria la shughuli. Ugali wa dona, dagaa wa Mwanza, karoti zilizokunwa, na supu ya makongoro au utumbo, kutegemea muuza nyama wa Leganga amebakiwa na nini. Vitunguu havitiwi hata kidogo, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hilo ni jambo ambalo wengi wanaowapa mbwa makombo ya mchuzi hawalijui. Wadogo hula mara nne kwa siku, uji wa dagaa waliosagwa. Kisha ni kufua. Matandiko ni magunia na vitenge vilivyochakaa, na hayaruhusiwi kukaa na mkojo, kwani kuna nzi anayetaga mayai yake kwenye kitambaa au mchanga wa namna hiyo. Mabuu yake hujichimbia chini ya ngozi na kukua humo kama jipu. Mwanachuo mmoja wa kampasi ya Tengeru ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, anayekuja kujitolea asubuhi kabla ya vipindi, alinionyesha namna ya kuyakamua: unapaka mafuta mazito juu ya kitundu, mdudu akikosa hewa anajitokeza, ndipo unabana taratibu kutoka pande mbili. Kupe nao hutolewa kwa mkono, mmoja mmoja, wakatumbukizwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Ufizi wa mtoto aliyejaa kupe huwa mweupe kama karatasi. Damu imeisha.

Wanaosaidia hawalipwi. Kuna huyo mwanachuo. Kuna kijana wa bodaboda ambaye ndiye macho na masikio ya sokoni. Kuna nesi mstaafu anayeishi nyumba ya pili. Kuna daktari wa mifugo aliyesomea Sokoine, Morogoro, anayekuja mara moja kwa mwezi na sanduku lake la vifaa. Fedha ya dawa hutoka kwenye pensheni ya Mwalimu na michango ya simu, elfu mbili hapa, elfu tano pale, kutoka kwa watu waliowahi kuchukua mbwa kwake.

Saa tisa alasiri getini hujipanga watoto wa shule. Hii ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha matokeo ya miaka mingi ya kuchunguza ukuaji wa mbwa. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili kuna dirisha ambalo mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake. Asiyeshikwa na mikono ya watu katika wiki hizo huwaogopa watu maisha yake yote, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Kwa hiyo Mwalimu huwaita watoto. Wanakanyaga beseni, wananawa, wanakaa chini barazani na kuwekewa mbwa mapajani. Si mbwa peke yao wanaofundishwa. Mtoto wa huku amekua akiona mbwa akirushiwa mawe, na wengi wamewahi kukimbizwa. Nilimwona msichana wa darasa la pili akiingia ameficha mikono yote miwili nyuma ya sketi. Mwalimu hakumlazimisha. Alimketisha karibu na mbwa mdogo wa rangi ya kahawia aliyelala, akamwachia. Muda si mrefu mkono mmoja ukatoka.

Kisha Mwalimu huuliza, kama bado yuko darasani: "Ukiumwa na mbwa unafanya nini?"

Wote hujibu kwa pamoja: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, halafu unamwambia mtu mzima, halafu hospitali, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Nimewahi kuhudhuria semina za afya zilizogharimu mamilioni ambazo hazikumfikia mtoto mmoja kwa uhakika wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika visa 99 kati ya 100 kilichomwambukiza mtu ni mbwa. Dalili zikishajitokeza, hakuna dawa. Kabla hazijajitokeza, kuosha kidonda na sindano za chanjo huokoa. Kati ya kuishi na kufa kuna ndoo ya maji, kipande cha sabuni, na nauli ya kufika hospitali yenye chanjo.

Wiki ile niliyofika kulikuwa na msiba stoo. Boksi la siku chache nyuma lilikuwa na watoto watano wa umri wa miezi miwili hivi, wanene, wachangamfu, wakawekwa bafuni kama kawaida. Siku ya nne mmoja akakataa uji. Jioni akatapika povu. Usiku ikaja ile harufu ambayo mwanachuo aliitambua akiwa bado mlangoni, harufu ya damu iliyooza. Wote watano walihamishiwa stoo. Hakuna dawa ya kukiua kirusi cha parvo kikishaingia mwilini. Unachoweza kufanya ni kumpa mgonjwa maji, chumvi na joto, na kumlinda na bakteria, mpaka mwili wake upigane wenyewe. Mshipa wa mtoto wa mbwa aliyekaukiwa ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Nesi mstaafu, aliyetumia maisha yake kutafuta mishipa ya watoto wachanga wa binadamu, ndiye aliyeweza kuingiza dripu. Alikaa sakafuni usiku kucha ameushika mguu ule mdogo usitikisike.

Watatu walikufa. Wawili walipona. Waliokufa walizikwa kwenye shimo refu nyuma ya migomba, chokaa ikamwagwa chini na juu. Mwalimu aliwataja mmoja mmoja majina waliyopewa na watoto wa shule, kisha akaenda kuchemsha maji ya kufulia.

Chanjo ingewaokoa. Mtoto wa mbwa anaanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, akarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe miezi minne. Lakini hakuna anayepeleka chanjo kwa mbwa ambaye hajui kuwa amezaliwa. Na hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya Mwalimu ilivyo hasa, kwa sababu sehemu yake kubwa haifanyiki nyumbani kwake.

Jumamosi kijana wa bodaboda alipiga simu kutoka Tengeru. Kiroba, watoto sita, macho hayajafunguka. Mwalimu hakuwaruhusu waingie getini kabisa, kwa ajili ya parvo. Walipelekwa moja kwa moja kwa nesi, wakawekewa chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Mtoto wa umri huo hawezi kujitunzia joto lake, na ukimnywesha maziwa akiwa wa baridi tumbo halisagi. Anapashwa moto kwanza. Kisha ananyonyeshwa kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, akilala kifudifudi; ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa huingia mapafuni. Kila baada ya kunyonya anapanguswa chini kwa kitambaa cha uvuguvugu, kwani hawezi kukojoa mwenyewe bila ulimi wa mama yake. Na maziwa ya ng'ombe hayamtoshi: yana mafuta na protini pungufu sana ukilinganisha na ya mbwa. Nesi alikuwa na maziwa ya mbuzi na kiini cha yai, na alijua ni cha kuombea tu usiku upite.

"Wana mama," Mwalimu alisema. "Huyo mama saa hizi anawatafuta, na chuchu zinamuuma. Tumtafute kabla maziwa hayajakauka."

Hakuuliza nani mwenye kosa. Alimuuliza kijana kiroba ni cha unga gani, kimekutwa upande gani wa barabara, na karibu yake walikuwa wameketi akina mama wa kijiji gani. Wauza ndizi wanajuana. Kabla ya saa mbili usiku tulikuwa na jibu, na alfajiri tulipanda pikipiki mbili kuelekea vijiji vya juu, upande wa Nkoaranga, mimi nimekumbatia kikapu kilichofunikwa kwa sweta.

Barabara ile hupanda katikati ya migomba na mikahawa, udongo mwekundu umeteleza kwa mvua, na kila baada ya nyumba mbili mbwa anatoka kubweka. Niliwatazama kwa makini. Hakuna aliyekuwa na kamba shingoni, na mtu wa mjini angewahesabu wote kuwa mbwa koko. Lakini kila mmoja alibweka mpaka kwenye mpaka wa uwanja fulani, akasimama hapo, akamwachia zamu wa nyumba ya pili. Utafiti uliofanyika mjini Iringa na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba mbwa wasio na mwenyewe ni wachache mno. Karibu wote wanaorandaranda mitaani wana nyumba wanayolala na mtu anayewatupia chakula. Asubuhi ile njiani niliuona ukweli huo kwa macho yangu. Tunapozungumza juu ya mbwa wa mitaani kana kwamba wameota kama magugu, tunawaondoa kwenye hesabu watu wanaoishi nao, na watu hao ndio pekee wanaoweza kubadili jambo lolote.

Tulibisha hodi kwenye nyumba ya matofali yenye zizi la ng'ombe wawili. Baba wa makamo akatoka, akamwona Mwalimu, akakiona kikapu, akainamisha macho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Habari za hapa? Mama watoto hajambo? Ng'ombe?"

Salamu zilichukua muda wake wote. Kisha Mwalimu akauliza, kwa sauti ileile ya salamu: "Subira yuko wapi?"

Mbwa alikuwa nyuma ya zizi, mwekundu, mbavu zinahesabika, chuchu zimevimba na kung'aa. Alikuwa amechimba shimo pale alipozalia na amelala ndani yake. Mwalimu alikitua kikapu hatua chache kutoka kwake, akaondoa sweta, akarudi nyuma. Subira alinyanyua pua. Alikuja kwa tumbo, akiburuza mkia, akamshika wa kwanza kwa meno kwa ulaini wa ajabu na kumpeleka shimoni. Akarudi kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka wote sita. Alipojilaza nao sauti ya kunyonya ilisikika tulipokuwa tumesimama.

Yule baba alisema bila kuulizwa. Mbwa huyu ndiye mlinzi wa ng'ombe na wa migomba. Bila yeye wezi wangekwisha kumaliza kila kitu. Lakini anazaa mara mbili kwa mwaka, na yeye ana watoto wanne wa kulisha kabla ya mbwa. Baba yake mzazi alikuwa akiwatumbukiza mtoni. Yeye alijaribu mara moja akashindwa. Niliamini kila neno. Niliamini pia kwamba mtu huyu hakuhitaji kuhubiriwa huruma, kwani alikuwa nayo. Alichokosa ni njia.

Njia ndiyo aliyoileta Mwalimu. Watoto wanyonye mpaka wiki ya nane, yeye ataleta dagaa na unga wa Subira kila Jumamosi. Watafika bafuni kwake wakiwa na minyoo imeshatolewa na chanjo ya kwanza. Na Subira, maziwa yakikauka, atafungwa kizazi.

"Akifungwa hatakuwa mlegevu, Mwalimu? Watu wanasema habweki tena."

"Siku ile ulipofika getini kwangu aliyekubwekea ni nani? Yule jike amefungwa kizazi miaka mingi. Wewe mwenyewe uliniambia unamwogopa."

Baba akacheka. Gharama ilijadiliwa pale pale, na ikaishia kwenye mikungu miwili ya ndizi na kiasi kidogo cha fedha. Mwalimu hafanyi bure kabisa. Anasema kitu alichokilipia mtu, hata kwa ndizi, hukilinda.

Tuliporudi mwanachuo alikuwa anapanga vichupa vya chanjo ya kichaa kwenye boksi la barafu. Kila safari ya kijijini hubebwa chanjo, na kila mbwa anayekubali kushikwa huchomwa, hata mtoto wa wiki chache. Miji mingi ya Afrika Mashariki imewahi kujaribu kuumaliza ugonjwa huu kwa risasi na sumu, na popote ilipojaribiwa njia hiyo ilishindwa, kwa sababu mbwa aliyeuawa nafasi yake huzibwa na mwingine asiyechanjwa. Inayofaulu ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa na kurudia kila mwaka. Kisiwani Pemba waliufanya mpango huo kwa bidii mpaka kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingizwa tena, wakachanja tena, kikatoweka tena. Upande wa pili wa Arusha, kwenye vijiji vinavyoizunguka Serengeti, mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi, na faida si ya binadamu peke yao. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa ambao nao huzuiwa kwa chanjo, distempa, uliwaingia simba wa Serengeti na kuua karibu 1,000, theluthi moja ya wote. Usa River iko mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mbwa wa Nkoaranga hajui mpaka wa hifadhi uko wapi.

Siku ya kugawa ilikuwa Jumatatu. Wanne wa barazani walikuwa tayari, dume mmoja na majike watatu, wakapakiwa kwenye tenga la kuku nyuma ya pikapu ya kuazima. Kila mmoja alikuwa na kadi yake ya chanjo na karatasi ya makubaliano: hatauzwa, hatafungwa mnyororo mchana kutwa, akifika miezi sita ataletwa kuhasiwa au kufungwa kizazi, na akikushinda mrudishe, hutaulizwa. Sharti hilo la mwisho ndilo Mwalimu analosoma kwa sauti mara mbili.

Dume alichukuliwa Maji ya Chai, dukani kwa mume na mke waliokuwa wakimsubiri tangu asubuhi, na mtoto wao alikuwa ameshamtengenezea kibanda cha mbao za maboksi. Madume huondoka haraka. Majike ndio wanaobaki, kwa sababu kila mtu anaogopa kuzaliwa kwa wengine, na kwa hiyo majike ndio wanaojaa mabokisini.

Boma Ng'ombe alitusubiri kijana mwenye nyumba nzuri na ukuta mrefu. Alimtaka jike mmoja, na alikuwa na fedha mkononi. Mwalimu aliomba kuonyeshwa mahali atakapolala. Pembeni ya tangi la maji kulikuwa na mnyororo mfupi uliochimbiwa ardhini, na kuuzunguka duara la udongo mtupu, limekanyagwa mpaka limekuwa gumu.

"Huyu wa zamani yuko wapi?"

"Alikufa, mama. Nataka mkali zaidi."

Mwalimu alimshukuru kwa chai, akamweleza kwa upole kuwa mbwa aliyefungwa hivyo hawi mlinzi, anakuwa mwendawazimu, na kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimtese. Akafunga tenga. Kijana alikasirika na kusema mbwa wamejaa barabarani, atamwokota mwingine. Inawezekana alimwokota. Nililiuliza hilo ndani ya gari tulipokuwa tunavuka daraja la mto Kikafu, na Mwalimu akasema hawezi kuzuia lile, lakini mbwa aliyempa jina hawezi kumpeleka kwenye mnyororo.

Moshi, mtaa wa Majengo, tulikwenda kwa mzee mwenye yadi ya mbao. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, kofia bado kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, karibuni kivulini."

Alisema wazi mbele ya wafanyakazi wake wote: mbwa hataingia ndani anakoswali, atakuwa na chombo chake, na atakayemshika akarambwa anajua namna ya kujitoharisha. Nimekulia pwani, nayajua mambo haya tangu utoto. Nimewahi pia kuwasikia watu wakiyatumia kama kibali cha kupiga mbwa mawe. Mzee yule aliyatamka kisha akatuonyesha alichokwisha kujenga: banda lililoinuliwa juu ya matofali ili maji ya mvua yasiingie, paa la bati, mlango unaoelekea mashariki mbali na upepo, na chungu cha maji chini ya mwembe. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, alisema, na kumnywesha mnyama mwenye kiu kuna thawabu. Akatukumbusha Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani na kumtekea maji mbwa kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza siku nzima: "Hawa wawili ni ndugu?"

Walikuwa ndugu, wale wawili waliookolewa kutoka boksi moja miezi iliyopita. Akawachukua wote wawili. Mwalimu alimsomea karatasi, mara mbili pale pa mwisho, na mzee akatia saini kwa herufi za Kiarabu. Yule jike wa tatu alirudi nasi Usa River, amelala juu ya viatu vyangu.

Tulikuwa tunakaribia Kikatiti, mvua imeanza tena, simu ya Mwalimu ilipoita. Aliiweka kwenye spika. Alikuwa yule baba wa Nkoaranga.

"Mwalimu, shikamoo. Subira anakula vizuri. Sasa jirani yangu hapa naye ana jike, na shemeji yake wa bondeni ana wawili. Wanauliza kama ile habari ya kufungwa kizazi ni yangu peke yangu."

"Wana mimba hao?"

"Mmoja sina hakika. Wawili hawana."

"Wote watatu waletwe Jumanne ijayo, daktari atakuwepo. Saa moja asubuhi, kila mmoja na mtu wake. Tangu saa nne usiku wasile kitu, maji wanywe. Na mje na kamba imara, baba, si ile ya kufungia mbuzi."